Maisha ya Ibn al-Baytar, Mkuu wa Wajuzi wa Mitishamba

Katika watu wakubwa wa elimu ambao majina yao yanastahili kukumbukwa katika mikutano ya Waislamu, na ambao khabari zao zimeanza kusahauliwa, ni Ibn al-Baytar, mjuzi wa dawa na mimea aliyeishi katika karne ya 7 ya Hijra. Watu wengi wamepata kusikia khabari za Ibn Sina na za al-Razi, kwa kuwa hao walikuwa matabibu, na tabibu huonekana na watu anapomtibu mgonjwa. Lakini tabibu hana silaha ila dawa, na dawa haifiki mkononi mwake mpaka kwanza pawe na mtu aliyeitafuta msituni au jangwani, akaijua kwa jina lake na sura yake, akaitenga na ile inayofanana nayo, akajua kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Ibn al-Baytar umri wake wote, na ndiyo iliyomfanya atoke kwao Andalusi akiwa kijana, asirudi tena hata akafa.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

Jina lake kamili ni Dhiyauddin Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad. Neno baytar maana yake ni tabibu wa wanyama, basi Ibn al-Baytar ni mwana wa tabibu wa wanyama. Aliitwa pia al-Malaqi, kwa kuwa kwao ni Malaqa, mji wa bandari ulioko kusini ya Andalusi, ambao leo ni Malaga katika nchi ya Hispania. Wengine walimwita al-Nabati au al-Ashab, yaani mtu wa mimea na wa majani. Alizaliwa yapata mwaka wa 1197, sawa na mwaka wa 593 wa Hijra.

Wakati huo Andalusi ilikuwa chini ya dola ya al-Muwahhidun. Elimu ilikuwa bado imestawi, lakini nguvu za dola zilikuwa zinapungua. Ibn al-Baytar alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi, mwaka wa 1212, Waislamu walishindwa vibaya katika vita vya al-Uqab, na tangu siku hiyo miji yao ikawa inachukuliwa mmoja baada ya mmoja. Kwa hivyo yeye alikuwa katika kizazi cha mwisho cha wanafunzi waliopata kusoma kwa salama katika miji mikubwa ya nchi ile.

WALIMU WAKE

Alikwenda kusoma Ishbiliya, mji ambao sasa huitwa Seville. Mwalimu wake mkubwa huko alikuwa Abu al-Abbas al-Nabati, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Rumiyya, aliyefariki mwaka wa 637 wa Hijra. Mtu huyu alikuwa amekusanya elimu mbili ambazo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Ya kwanza ni elimu ya Hadithi, hasa kuwajua wapokezi, nani mkweli na nani dhaifu. Ya pili ni elimu ya mimea, na alikuwa na duka lake akiuza majani ya dawa.

Asidhani mtu kuwa elimu hizo mbili hazina uhusiano. Mwanachuoni wa Hadithi akisikia khabari hauliza tu imesemwa nini, bali huuliza pia imesemwa na nani, naye alisikia kwa nani, na je, walikutana. Na mjuzi wa dawa akisoma kitabuni kuwa mzizi fulani unatibu figo, anapaswa kuuliza vivyo hivyo: nani aliyesema, je, aliuona mzizi huo kwa macho yake au alinakili kwa mwingine, na je, amewahi kuujaribu. Ibn al-Baytar aliichukua tabia hiyo kwa mwalimu wake na hakuiacha. Pamoja na mwalimu huyo alikuwa akitoka kwenda nje ya mji wa Ishbiliya kuchuma mimea, kuitazama maua yake na mizizi yake, na kuilinganisha na maelezo ya vitabu.

SHIDA YA MAJINA

Ili ifahamike ukubwa wa kazi yake, ni lazima kueleza shida iliyowasumbua watu wa dawa kabla yake kwa miaka mingi, nayo ni shida ya majina.

Kitabu kilichokuwa msingi wa elimu ya dawa kilitungwa na Dioscorides, Mgiriki aliyeishi katika karne ya 1 ya Masihi. Kitabu hicho chenye sehemu tano kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala kuanzia 847 mpaka 861. Mfasiri alikuwa Istifan bin Basil, na kazi yake ikasahihishwa na Hunayn bin Ishaq. Dawa ambazo Istifan alijua majina yake kwa Kiarabu aliyaandika, na zile asizozijua aliyaacha majina yake kwa Kigiriki, akitaraji kuwa watakuja wengine baada yake watakaoyajua.

Kitabu kilipofika Andalusi, majina hayo yalikuwa bado ni fumbo. Yapata mwaka wa 948 mfalme wa Rumi aliyekuwa Konstantinopoli alimpelekea Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu wa Qurtuba nakala ya Kigiriki yenye picha za mimea, lakini hapakuwa na mtu mjini aliyeweza kuisoma. Khalifa akaomba apelekewe mjuzi, na mwaka wa 951 akaja mtawa mmoja jina lake Nicholas. Akakaa na matabibu wa Qurtuba, Waislamu na Mayahudi, wakawa wanatafuta jina baada ya jina mpaka wakayajua mengi. Hata hivyo mengine yalibaki.

Jambo hili si la wasomi kubishana tu. Jina moja likikosewa nukta moja katika maandishi ya Kiarabu huwa jina jingine. Mtu akiagiza mzizi wa kupunguza maumivu, na muuza dawa akampa mzizi wa sumu kwa kuwa majina yanafanana, mgonjwa hufa, na hakuna atakayejua kuwa kilichomuua ni nukta iliyoanguka katika kalamu ya mnakili.

SAFARI ZAKE

Yapata mwaka wa 1219, Ibn al-Baytar akiwa na umri wa miaka 22 hivi, aliondoka Andalusi. Alipita Maghrib, akafuata pwani ya Afrika ya Kaskazini, akafika Bijaya, Kusantina, Tunis, Tarablus na Barqa. Kisha akaingia nchi za Rumi, yaani Asia Ndogo na nchi za Wagiriki. Hakwenda huko kwa biashara. Alikwenda ili aione mimea mahali inapoota, na awaulize wenyeji wanaiitaje. Alipokutana na mtu mjuzi wa mimea alikaa naye akajifunza kwake, na alipoona mmea uliotajwa na Dioscorides aliusikia ukitajwa kwa Kigiriki chenyewe katika nchi yake wenyewe.

Katika khabari alizozikusanya njiani iko moja ambayo faida yake imeendelea mpaka karne hizi. Upande wa Bijaya palikuwa na kabila la Waberberi lililosifika kwa kutibu mbalanga, ule ugonjwa wa ngozi kugeuka nyeupe kwa mabaka. Watu walikuwa wakiwaendea kutoka mbali, nao wakiwatibu kwa mbegu za mmea uitwao kwao atrilal, lakini siri ya mmea wenyewe hawakuitoa, baba alimwachia mwanawe tu. Baadaye siri ikajulikana, na Ibn al-Baytar akaandika namna ya dawa hiyo: mgonjwa hunywa unga wa mbegu pamoja na asali, kisha hukaa juani akiyaacha wazi yale mabaka, mpaka ngozi inafanya malengelenge, nayo yakipona rangi hurudi.

Jambo la kukaa juani lilikuwa ndilo muhimu, na sababu yake haikujulikana kwa miaka 700. Mwaka wa 1947 wanakemia waliokuwa Misri walitoa katika mbegu hizo kiini kinachoitwa leo methoksaleni, na mwaka wa 1948 tabibu wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, alitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa mbalanga kwa mmea huo. Ikaonekana kuwa kiini hicho peke yake hakifanyi kazi, bali huifanya ngozi iwe nyepesi kupokea nuru ya jua. Tangu mwaka wa 1974 dawa hiyo pamoja na mwanga maalumu wa taa imetumika pia kutibu magonjwa mengine ya ngozi. Lakini ni dawa kali, huweza kuunguza ngozi na kuleta madhara makubwa, na hutolewa na daktari tu. Hapa yamekutana mambo matatu ya elimu ya dawa: mahali dawa inapotoka, namna inavyofanya kazi, na sababu ya kutoiacha mikononi mwa kila mtu.

KUPEWA UKUU MISRI

Kutoka nchi za Rumi Ibn al-Baytar alifika Misri, iliyokuwa chini ya Sultani al-Malik al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Sultani alipoiona elimu yake alimtegemea katika mambo ya dawa na mimea, akamfanya mkuu wa wajuzi wote wa mitishamba katika nchi ya Misri, pamoja na wale wenye kutandika bidhaa zao chini sokoni. Neno hilo la mwisho lina maana kubwa. Ukuu wake haukuwa juu ya watu wa kasri na hospitali peke yao, bali ulimfikia hata mzee aliyetandaza mkeka wake njiani na kuuza mizizi, kwani maskini alinunua dawa yake hapo.

Haja ya kuwa na mkuu kama huyo ilijulikana tangu zamani. Katika zama za Khalifa al-Mutasim, karne ya 3 ya Hijra, jemadari wake al-Afshin alipokuwa vitani na Babak alitaka kuwajua wauza dawa waliofuatana na jeshi lake. Akashauriwa awajaribu. Akachukua katika madaftari yake majina 20 ya kigeni ambayo hayakuwa dawa hata kidogo, akawatuma watu wakaulize madukani. Wauzaji wengine walisema hawazijui dawa hizo. Wengine walisema wanazo, wakapokea fedha na kutoa chochote kilichokuwa dukani. Al-Afshin akawaita wote. Wale waliokiri kuwa hawajui wakapewa barua za ruhusa ya kubaki na kuuza, na wale waliodai kujua wakafukuzwa kambini. Hiyo ni moja katika khabari za kale za kutoa ruhusa kwa wauza dawa, na ajabu yake ni kuwa walioshinda mtihani ni wale waliosema hawajui.

Baadaye kazi hiyo ikaingia katika hisba, yaani usimamizi wa masoko. Al-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya 6 ya Hijra, alitunga kitabu cha kumwongoza muhtasib, na ndani yake akaweka milango inayohusu wauza dawa, attari, na watengenezaji wa sharbati za dawa. Alieleza hila zao moja moja. Afyuni ilichanganywa na utomvu wa mmea uitwao mamitha, na dalili yake ni kuwa ikiyeyushwa katika maji hutoa harufu kama ya zafarani. Na zafarani yenyewe ilighushiwa kwa nyama ya kifua cha kuku au ya ng'ombe iliyochemshwa, ikachambuliwa nyuzi nyuzi na kutiwa rangi. Alitaka muhtasib awaonye watu hao, awatie khofu ya Mungu na ya adhabu, na awakague kila mara. Katika masoko ya namna hiyo ndimo Ibn al-Baytar alimowekwa awe mkuu.

KUKAA KWAKE DAMASCUS

Al-Kamil alipopanua utawala wake mpaka Sham, Ibn al-Baytar alifuatana naye, akapata nafasi ya kuijua mimea ya Damascus na milima yake. Huko ndiko alikokutana naye, mwaka wa 633 wa Hijra, kijana aitwaye Ibn Abi Usaybia, ambaye baadaye alitunga kitabu mashuhuri cha maisha ya matabibu. Khabari nyingi zinazojulikana za Ibn al-Baytar zimetoka kwa mwanafunzi wake huyu.

Mwanafunzi ameeleza kuwa mwalimu wake alikuwa mtu mwenye tabia njema, mkarimu, mwenye adabu na uungwana. Walikuwa wakitoka pamoja kuitazama mimea nje ya mji, na kijana akasoma mbele yake maelezo aliyoyaandika juu ya majina ya dawa katika kitabu cha Dioscorides. Vilikuwa vikiletwa vitabu vya Dioscorides, vya Galen, vya al-Ghafiqi wa Andalusi na vya wengineo. Ibn al-Baytar alianza kwa kulitaja jina la dawa kwa Kigiriki kama alivyolihakikisha katika nchi za Rumi, kisha akaeleza aliyoyasema Dioscorides juu ya sura yake na kazi yake, kisha Galen, kisha waliokuja baada yao, na wapi walikhitilafiana, na nani aliyekosea. Yote hayo aliyasema kwa moyo. Mwanafunzi aliporudi kuvitazama vitabu hakuona kilichopunguzwa. Kilichomshangaza zaidi ni kuwa mwalimu hakuitaja dawa ila alisema imo katika sehemu ya ngapi ya kitabu, na ni ya ngapi kwa hesabu katika sehemu hiyo.

Al-Kamil alifariki mwaka wa 1238. Ibn al-Baytar akarudi Misri, akamtumikia mwanawe, Sultani al-Salih Najmuddin Ayyub, naye akamheshimu kama baba yake alivyomheshimu.

VITABU VYAKE

Kitabu chake kikubwa ni kile cha kukusanya dawa na vyakula vya namna moja moja, kijulikanacho kwa ufupi al-Jami, alichomtungia al-Salih. Ndani yake mna dawa na vyakula 1,400 hivi, vya mimea, vya wanyama na vya madini, vimepangwa kwa alifu, be, te, ili mtafutaji apate anachokitaka bila ya taabu. Wajuzi waliovihesabu husema kuwa yapata 300 katika hivyo havikuwamo katika vitabu vya kabla yake. Ametaja wanavyuoni zaidi ya 150 aliochukua kwao, na kila neno amelirudisha kwa mwenyewe.

Ndani ya kitabu hicho msomaji wa Afrika ya Mashariki hukutana na vitu vya nyumbani kwake: subili ya Sokotra, sanamaki, ukwaju, habasoda, uwatu, tangawizi, karafuu, mvuje, manemane, ubani na ambari, pamoja na zebaki, shabu, kibiriti na wanja. Kwa dawa nyingi ameeleza sura yake, ipi iliyo bora, inafaa ugonjwa gani, kiasi chake, inadhuru nini, na ikikosekana itumike nini badala yake.

Katika utangulizi alieleza makusudio yake. Alitaka kukusanya yote ya Dioscorides na ya Galen, kisha awaongeze waliokuja baadaye. Alisema kuwa alichokihakikisha kwa kuona na kujaribu amekithibitisha, na kile ambacho macho na majaribio yamekipinga amekiacha, hakumstahi aliyesema ati kwa kuwa ni wa kale, wala hakumdharau kwa kuwa ni wa karibuni. Alikusudia kuyaonyesha makosa ya waliotegemea kunakili tu. Na akayataja majina ya dawa kwa Kiarabu, Kigiriki, Kiajemi, Kiberberi na lugha ya Kilatini ya watu wa Andalusi, akieleza herufi zake na namna ya kuzitamka, ili mnakili asiharibu na muuzaji asikosee. Namna hii shida ya majina, aliyoikuta tangu ujana wake, aliipatia dawa.

Kitabu chake cha pili, al-Mughni, kina milango 20, nacho kimepangwa kwa viungo vya mwili na magonjwa yake, ili tabibu aliye mbele ya mgonjwa apate upesi anachokihitaji. Kitabu kingine alikitunga kuonyesha makosa yaliyomo katika kitabu cha dawa cha Ibn Jazla wa Baghdad, aliyefariki mwaka wa 1100. Ibn Jazla alikuwa mtu mwenye heshima, na kitabu chake kilitumika sana. Lakini Ibn al-Baytar aliona kuwa heshima ya mtu haifai kumgharimu mgonjwa roho yake.

Si kila alichokiandika ni sahihi kwa elimu ya leo. Yeye, kama wenzake wote wa zama zile, alizipima dawa kwa joto na baridi, ukavu na umajimaji, na elimu hiyo imeachwa. Dawa nyingine alizozisifu zimeonekana hazina faida, na zebaki imejulikana kuwa sumu. Mwenye kukichukua kitabu chake leo na kujitibu nacho atakuwa amekwenda kinyume na mwenyewe, ambaye hakukubali neno la kale bila ya kulijaribu.

KUFA KWAKE

Ibn al-Baytar alifariki ghafula mjini Damascus katika mwezi wa Shaabani, mwaka wa 646 wa Hijra, sawa na mwaka wa 1248, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Katika mwaka huo huo mji wa Ishbiliya, alikoanza kuchuma majani pamoja na mwalimu wake, uliingia mikononi mwa mfalme wa Kastilia. Mji ulikwenda, lakini elimu aliyoitoa humo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu chake kilinakiliwa katika nchi za Kiislamu kwa mamia ya miaka. Joseph von Sontheimer alikifasiri kwa Kijerumani mwaka wa 1840 mpaka 1842, kikapigwa chapa kwa Kiarabu huko Bulaq, Misri, mwaka wa 1874, na Lucien Leclerc, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekaa Aljeria, akakifasiri kwa Kifaransa kati ya miaka ya 1877 na 1883.

MAFUNZO YA MAISHA YAKE

Kazi aliyopewa Ibn al-Baytar na Sultani wa Misri sasa hufanywa na serikali kwa sheria, kwa maabara na kwa wakaguzi. Dawa haiuzwi mpaka ithibitishwe kuwa ina faida na kuwa madhara yake yanajulikana, na muuzaji hafungui duka bila ya cheti. Lakini sheria hizo hazikuja bure. Mwaka wa 1937 huko Marekani dawa moja ya maji iliyeyushwa katika kitu kitamu kiitwacho diethilini glikoli, ambacho ni sumu ya figo, na hakuna aliyeijaribu kwanza. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi, na mwaka wa 1938 ikatungwa sheria ya kulazimisha dawa ijaribiwe kabla ya kuuzwa. Juu ya hayo, mwaka wa 2022 sumu hiyo hiyo ilikutwa katika dawa za kikohozi nchini Gambia, na watoto zaidi ya 60 wakafa kwa figo. Wazazi wao walinunua chupa yenye jina la dawa, na ndani hamkuwa kilichotajwa juu yake. Hii ndiyo ile afyuni iliyoghushiwa ya zama za al-Shayzari, imebadili chombo tu.

Basi mzazi wa leo asione haya kumwuliza muuza dawa cheti chake, wala kuitazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu ya chupa, wala kuikataa dawa isiyo na jina wala mwenyewe. Anayekunywa mitishamba na amwambie daktari wake, kwani dawa mbili zilizo njema kila moja peke yake huweza kudhuru zikikutana. Na mwenye kuuza dawa, awe wa dukani au wa kwenye mkeka, na akumbuke kuwa kusema sijui kuliwapa wenziwe wa zamani barua ya ruhusa, na kudai kujua kuliwafukuzisha. Na mtoto aliyejaaliwa kupenda elimu ya mimea na kemia na apelekwe akasome, kwani magonjwa bado ni mengi na majani ambayo hayajachunguzwa bado ni mengi.